Herufi Sita za Mkono wa Kulia

Kosele,
9 Septemba 2024

Kwa Bwana Maroa Wangwe,
Kinyozi, Soko la Kegonga.

Bwana Maroa,

Salamu. Huenda hunikumbuki. Naitwa Lynnet Akeyo, Mjaluo wa hapa Kosele. Barua hii anakuletea Pauline Mirumbe, yule mama wa ndizi wa kwenu anayeleta mzigo sokoni kwetu. Ameniambia bado una kibanda kilekile. Namba yako ya simu sina, na yangu sitaki uwe nayo, kwa hivyo tuandikiane. Mimi Kikuria sijui, nawe sidhani unajua Kijaluo, basi Kiswahili kitatutosha.

Agosti 2015 nililetwa kwako na mume wangu wa wakati huo, Zadock, mnunuzi wa ng'ombe. Ulinichora jina lake kwenye mkono wa kulia, kutoka kifundo kwenda juu, herufi sita kubwa. Nilikuwa nampenda na nilikuwa mjinga. Sikulaumu. Tuliachana miaka miwili baadaye, nikarudi shuleni nikiwa mkubwa kuliko wenzangu wote, nikamaliza kidato cha nne.

Juma lililopita jeshi lilikuja kusajili makurutu katika kaunti yetu. Nimejitayarisha miaka mitatu. Kila alfajiri nakimbia hadi karibu na Oyugis na kurudi. Siku hiyo nilikuwa wa pili kati ya wasichana wote. Nikapimwa urefu na uzito, meno yakahesabiwa, vyeti vikakaguliwa, nikaandikwa namba kwenye mkono wa kushoto. Kisha tukaambiwa tukunje mikono ya shati.

Nilikuwa nimepaka poda ya rangi ya ngozi yangu, tabaka juu ya tabaka. Jasho lilikuwa limeigeuza tope. Mama wa afya alichukua pamba yenye spiriti akapangusa mara moja, Z ikatokea. Akapangusa tena, A. Alipangusa hadi mwisho kama mtu anayesoma. Hakunitukana. Alisema, "Tatuu inayoonekana haturuhusu, dada. Pole." Lakini vijana waliosimama nje ya kamba walikuwa wameshalisoma jina, wakaanza kuita, "Bibi ya Zadock anarudi kupika." Nilipita katikati yao, poda inachirizika mkononi kama matapishi. Tangu siku hiyo nakula kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia siwezi kuusogeza karibu na mdomo.

Hapa zahanati kuna muuguzi, Sista Roselyn. Anasema hawezi kunishauri namna ya kufuta kabla hajajua wino ulikuwa nini. Hilo tu ndilo nataka kutoka kwako. Ulitumia wino gani? Mwisho wa umri ni miaka ishirini na sita, nami nina ishirini na tano. Nimebakiwa na usajili mmoja.

Lynnet Akeyo

*

Kegonga,
20 Septemba 2024

Dada Lynnet,

Nimepata barua yako na nimeisoma vizuri. Pole kwa yaliyokupata. Kusema kweli sikukumbuki. Siku za soko watu hapa kwangu ni wengi, wengine kunyoa, wengine kuchorwa, nikimaliza mmoja namwita mwingine. Wapenzi huja wakicheka. Nadhani na nyinyi mlikuwa mnacheka.

Wino wangu ni wa duka, chupa huja imefungwa. Mwambie muuguzi wako asiwe na wasiwasi.

Lakini muuguzi wa nini? Nina dawa. Naipata kwa jamaa mmoja pale mpakani. Unapaka asubuhi na jioni, inawasha kidogo, ngozi ya juu inabanduka na mchoro unaondoka nayo. Vijana watatu wa hapa waliitumia na wote walipita. Mmoja yuko kambini sasa hivi, mama yake anajengewa nyumba ya mabati. Nimempa Pauline kichupa akuletee. Sitaki kitu kwako, chukua kama zawadi.

Zadock bado ni mteja wangu. Siku hizi ana boma Uriri, lakini kila Jumamosi akija huku mnadani namnyoa ndevu. Usiwe na hofu, sitamwambia unataka kufuta jina lake. Wanaume wengine hujisikia vibaya.

Ukishakuwa askari usitusahau.

Ni mimi,
Maroa Wangwe

*

Kosele,
11 Novemba 2024

Maroa,

Nilipaka dawa yako siku nne. Siku ya kwanza iliwasha. Ya pili ngozi ikawa nyeupe na ya kunyauka, kama mguu ulioshinda ndani ya gambuti. Ya tatu ikabanduka pamoja na kitambaa. Ya nne mama aliingia jikoni akauliza ni panya gani amefia humu. Kumbe ni mimi.

Kidonda kina wiki tano. Usaha wake ni wa kijani, naubana kila asubuhi huku nimeuma shuka. Nzi wananifuata hadi kanisani, na watu wa benchi langu wamehamia la mbele. Mama mmoja wa ushirika alikuja nyumbani kutuombea. Alifungua Mambo ya Walawi, pale Mungu anapowakataza watu kuchora alama miilini mwao, akasoma huku ameziba pua kwa leso. Akasema amina, akaondoka bila kunywa chai.

Na jina bado lipo. Herufi tatu za mwisho zimeliwa na dawa. Tatu za kwanza zimevimba, kipofu anaweza kuzisoma kwa kidole.

Sista Roselyn alinusa kichupa chako akakisogeza mbali na uso wake. Alisema humo ndani kuna kitu kama maji ya betri ya gari. Aliniuliza aliyenipa ananichukia kwa nini, nikamwambia hata hanijui. Pia ametoa punje nyeusi kwenye nyama kwa kibano, ndogo kama za mkaa, akasema wino wa duka hauna punje.

Kwa hivyo nauliza mara ya pili, na usiniambie habari ya chupa iliyofungwa. Ulinitia nini mkononi?

Lynnet

*

Kegonga,
3 Februari 2025

Dada Lynnet,

Nimekaa na barua yako karibu miezi mitatu. Nilitaka kuichoma. Halafu Pauline, ambaye alikuona mkono, alikuja akasimama mlangoni mwa kibanda siku ya soko, wateja wamejaa, akasema kwa Kikuria kila mtu asikie, "Maroa, binti wa watu ananuka, na harufu ile ni yako." Wateja wawili waliinuka wakaenda zao. Mimi nikaendelea kunyoa.

Jumamosi iliyofuata akaja Zadock. Amesikia jeshi lilikukataa. Alikaa kitini, nikampaka povu, akasema, "Ule mkono unamjua mwenyewe." Akacheka mpaka povu likamwingia mdomoni, akalitema sakafuni. Nikapangusa. Wembe nilikuwa nao, dada, na nilichofanya ni kumaliza kumnyoa vizuri na kumpaka spiriti.

Basi nitasema. Nakukumbuka. Nilikukumbuka tangu nilipofungua barua yako ya kwanza. Ulikuwa na sketi ya shule, ya buluu, na sweta umelipindua ndani nje ili nembo isionekane. Ulikuwa unalia. Zadock aliubana mkono wako mezani kwa kiwiko chake, akaniambia wewe ni mke wake na ulishatoroka mara moja, kwa hivyo anaweka alama kama mtu anavyoweka kwa ng'ombe wake. Nilicheka, kwa sababu alikuwa mteja mzuri. Ulipoanza kupiga kelele niliongeza sauti ya redio.

Wino haukuwa wa duka. Nilichoma kipande cha akala kuukuu, kile kiatu cha tairi, nikakusanya masizi yake kwenye kifuniko, nikayachanganya na shampuu. Yakawa mazito mno. Nikayalainisha kwa mate yangu. Sindano nilikuwa nimeitumia kwa mtu mwingine asubuhi ile.

Ile dawa sijaona mtu aliyepona nayo. Vijana watatu ni uongo. Alikuwa mmoja, Gisiri, mwana wa jirani yangu, na vidole vyake viwili havikunjiki mpaka leo.

Mwambie muuguzi yote.

Maroa Wangwe

*

Kosele,
24 Februari 2025

Maroa,

Barua yako niliisomea shambani. Nikashuka mtoni nikajisugua mkono kwa mchanga na jiwe mpaka kovu likafunguka, mama akaja kunitoa. Mate. Miaka tisa nimebeba mate yako chini ya ngozi. Nimesonga ugali kwa mkono huo, nimeshika Biblia, nimewapokea wageni. Sista Roselyn alinipima damu mara mbili kwa sababu ya ile sindano. Niko salama. Aliposema hivyo nilitaka kufurahi, nikashindwa.

Nami nilikudanganya. Niliandika kwamba nilimpenda Zadock. Nilikuwa naona haya mbele ya mtu aliyeshuhudia, ndiyo maana. Nilikuwa kidato cha pili, miaka kumi na sita. Baba alipokufa, baba mdogo alipokea ng'ombe wa Zadock, nami nikachukuliwa njiani nikitoka shule. Nilitoroka baada ya wiki tatu. Akanipata kwa shangazi, ndipo akanileta kwako.

Juzi nimeripoti. Afisa wa watoto anasema kosa la namna hiyo halizeeki. Lakini Zadock atasema nilikuwa mtu mzima na nilitaka mwenyewe, na baba mdogo yuko tayari kuapa hivyo. Wanaoijua ile sketi ya shule ni watatu: mimi, yeye na wewe.

Sikuombi. Nakuuliza tu. Uliyoniandikia, unaweza kuyasema mbele ya watu?

Lynnet

*

Kegonga,
8 Septemba 2025

Dada Lynnet,

Taarifa niliandikisha mwezi wa Mei kama unavyojua. Mimi pia nimeshtakiwa kwa kukujeruhi, na nimekiri.

Zadock yuko nje kwa dhamana. Ndugu zake wamekuja kwangu mara mbili. Mara ya kwanza walikuja kwa maneno laini na mtamba wa ng'ombe, nikamkataa. Mara ya pili walitoa viti vyangu nje na kuvunja kioo. Hapa Kegonga watu wananipita, wanaenda kunyolewa kwingine. Wengine wanasema nimemuuza mteja wangu. Wengine hawataki tu nishike vichwa vyao, na hao siwalaumu.

Mke wangu Damaris alisoma ile taarifa. Tangu hapo hapokei kikombe kutoka mkononi mwangu. Husubiri nikiweke mezani, halafu anakwenda kukisuuza. Binti yetu wa kwanza ana miaka kumi na mitano. Siku moja Damaris aliniuliza, "Angekuwa huyu?" Amewachukua watoto, wako kwa wazazi wake.

Kesi imepangwa tarehe 14 Oktoba. Imeshaahirishwa mara mbili. Ikiahirishwa tena, sijui kama nitakuwepo. Si kwamba sitaki kuja. Najijua tu, dada. Mimi ni mtu wa kuongeza sauti ya redio.

Maroa

*

Kosele,
30 Septemba 2025

Maroa,

Usajili wa makurutu katika kaunti yetu umetangazwa. Ni tarehe 14 Oktoba. Siku moja tu.

Kidonda kimepona. Zile herufi tatu zilizovimba daktari wa hospitali alizikata akashona. Jina halisomeki tena, limebaki kovu refu linalong'aa kama tumbo la samaki. Mzee Bichage, jirani yetu aliyestaafu jeshini, aliliangalia kwa muda akasema kovu si sawa na tatuu, hupimwa lenyewe, wapo wanaopita nalo na wapo wanaorudishwa. Alinipa nusu kwa nusu. Mwezi wa Januari nitafikisha miaka ishirini na saba, na hapo hakuna nusu tena.

Mwendesha mashtaka, mama mmoja mpole, aliniambia anaweza kuomba tarehe nyingine ili niende nikakimbie. Nikamwonyesha barua yako ya mwisho. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia, habari ya tarehe nyingine akaiacha.

Siku mbili sikula. Mama alidhani naumwa. Nilikuwa nakuwaza wewe, na kila nilipokuwaza mate yalijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika. Miaka kumi imepita, nimesoma, nimekimbia, nimekatwa nyama, na bado ni wewe unayeamua mkono wangu uende wapi.

Nitakuja mahakamani. Usipotokea, nitakuwa nimekosa yote mawili kwa siku moja.

Lynnet

*

Kosele,
15 Desemba 2025

Maroa,

Barua yako ya wiki jana Pauline ameniletea, pamoja na kuku. Unaomba nikusamehe kabla mwaka haujaisha. Nitakujibu, kisha tusiandikiane tena.

Siku ya kesi nilifika saa mbili asubuhi. Nilijua saa hiyo wenzangu wanapangwa mistari uwanjani. Saa tano wewe hujaonekana. Zadock alikuwa ameketi ng'ambo akichokoa meno kwa njiti na kuniangalia mkono, anachokoa, anaangalia alichotoa, anaangalia mkono. Nikajisemea, basi, imekwisha. Ndipo ukaingia, shati limechanika begani, Gisiri, yule wa vidole visivyokunjika, yuko nyuma yako. Baadaye Pauline alinieleza kwamba ndugu za Zadock walikuzuia barabarani, mkakata kwa miguu kupitia mashamba ya tumbaku.

Wakili wa Zadock alikuuliza ulijuaje kwamba nilikuwa mtoto. Ukasema, "Alikuwa na sare ya shule. Na alikuwa anamwita mama yake."

Hilo la kumwita mama mimi sikulikumbuka. Mama alikuwa ameketi kando yangu. Aliinuka akatoka, na kupitia dirishani nilimsikia akitapika ukutani. Mpaka leo hajaniuliza lolote juu ya jambo hilo.

Nikuambie jambo jingine. Hata wakati unasema yaliyonisaidia, sauti yako ilinitia kinyaa. Nilikuwa nimeisahau. Ulipoanza kuongea niliisikia ileile ikiniambia, "Tulia, imebaki kidogo." Nilijishika kwenye benchi nisikimbie.

Zadock amefungwa miaka kumi na mitano. Baba mdogo hatusalimii. Wewe umepewa huduma ya jamii, na Pauline anasema unaosha vyoo vya kituo cha afya bila kunung'unika. Sawa.

Jeshi limenipita. Wasichana wanne wa huku walichukuliwa. Mmoja wao tulikuwa tukikimbia pamoja, na nilikuwa nikimwacha nyuma kila alfajiri. Siku aliyoagwa kwao nilijifungia nikalia kuliko nilivyowahi kulia kwa ajili ya Zadock, kisha nikaona haya. Sasa tunalima viazi vitamu na mama. Bado naamka kukimbia. Hakuna ninachokikimbilia, ni miguu imezoea.

Kuhusu msamaha, sijakusamehe. Hakimu aliponiuliza kama nina neno kabla hajakuhukumu, nilimwambia ulikuja kwa miguu yako na ulisema kweli. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Usilichukue neno hilo ukalifanya jingine.

Yule kuku namrudisha. Mama alitaka kumchinja, nikamwambia nyama yake haitapita kooni mwangu. Pauline atakukabidhi jioni akifika. Mfungue miguu upesi, amefungwa tangu asubuhi.

Lynnet Akeyo